Macho Mekundu ya Bibi: Historia ya Moshi wa Ndani Usukumani



Bibi yangu mzaa baba alikuwa na macho mekundu. Sisi wajukuu tulidhani ndivyo macho ya wazee yanavyokuwa, kama zilivyo mvi na mikunjo ya uso. Alipikia ndani ya nyumba ya msonge katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Magu, mwendo mfupi kutoka ufukwe wa ziwa, na kuni zake kwa kweli hazikuwa kuni. Zilikuwa miti ya pamba iliyong'olewa baada ya mavuno, mabua ya mtama, na hivyo vilipokwisha, kinyesi cha ng'ombe kilichokaushwa juani. Aliinama juu ya mafiga, akapuliza, akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akapuliza tena.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya mtoto wa jirani kufariki kwa homa, baba aliondoka Mwanza mjini usiku na kurudi alfajiri akiwa na bibi na furushi moja la nguo. Hakutueleza sababu. Nilikuwa mtu mzima nilipoambiwa kwamba kijijini kulikuwa na maneno, na kwamba ushahidi uliotajwa dhidi ya bibi ulikuwa macho yake.

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu habari za mauaji ya vikongwe Usukumani. Nimeyaeleza kama suala la imani, la ardhi, la urithi, la udhaifu wa dola. Sikuwahi kuyaeleza kama suala la hewa. Makala haya ni jaribio la kusahihisha upungufu huo. Hoja yangu ni kwamba katika ukanda huu wa ziwa moshi wa jikoni ulitambuliwa hadharani kama alama ya uchawi kabla haujatambuliwa kama chanzo cha maradhi. Na kwamba kwa karibu miaka mia moja dola, ya kikoloni na ya kwetu, iliona kila kitu kilicholizunguka jiko isipokuwa pumzi ya mwanamke aliyeinama juu yake.

Jinsi kuni zilivyoondoka

Tuanze na swali rahisi: kwa nini bibi alipikia kinyesi cha ng'ombe katika nchi ambayo wazee wake waliikuta na miti?

Jibu limo katika historia ya mbung'o na pamba. Katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya Waingereza ilifanya Shinyanga kuwa kitovu cha vita dhidi ya mbung'o, chini ya usimamizi wa Charles Swynnerton. Mojawapo ya silaha kuu ilikuwa kufyeka vichaka na miti ili mdudu huyo akose kivuli. Ardhi iliyofyekwa ikawa malisho na mashamba. Reli ilipofika Mwanza mwaka 1928, pamba ilipata njia ya kwenda bandarini kupitia Tabora, na kila ekari iliyosafishwa ikawa na bei. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulisogeza watu na mifugo katika maeneo mapya, na miti ikaendelea kuwapisha.

Hakuna aliyekusudia kumdhuru mpishi. Mbung'o alikuwa adui wa kweli, na pamba ilisomesha watoto. Lakini mti ulipoondoka, uliondoka na kuni nzuri, yaani ule mkavu mzito unaowaka kwa moto mkali na moshi kidogo. Vilivyobaki ni mabua na samadi, ambavyo kila mpishi anajua kwamba hufuka zaidi ya kuni kabla ya kuivisha chungu. Gharama ya mageuzi ya kilimo ililipwa pia ndani ya nyumba, na mlipaji alikuwa yule yule kila siku, asubuhi na jioni. Hakuna daftari la serikali lililoiandika gharama hiyo.

Nyasi na bati

Jambo la pili ni nyumba yenyewe. Nyumba ya msonge iliyoezekwa kwa nyasi haikuwa pepo. Ilikuwa na giza, ilikuwa na moshi, na wakati mwingine ndama walilala humo humo. Hata hivyo paa la nyasi hupumua. Moshi hupanda, hujipenyeza taratibu kati ya nyasi, na njiani hufukuza mchwa na kuzifanya nyasi zidumu. Wazee waliuchukulia moshi kama sehemu ya matunzo ya nyumba, na kama kinga dhidi ya mbu. Hilo halikuwa ujinga. Ulikuwa ujuzi uliokuwa na faida zake na bei yake.

Kisha likaja bati. Fedha ya pamba ya miaka ya 1950, wakati Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria lililoanzishwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani lilipokuwa nguvu kubwa ya kiuchumi katika Jimbo la Ziwa, ilijenga nyumba za pembe nne zenye kuta za matofali na paa la mabati. Nyumba ya bati ikawa cheti cha maendeleo. Hata mjini Mwanza tuna mtaa unaoitwa Mabatini, jina linalobeba neno hilo mpaka leo.

Bati halivuji mvua, na halivuji moshi. Pale ambapo jiko lilihamishiwa kwenye kibanda cha pembeni chenye uwazi wa kutosha, familia ilipata nafuu. Pale ambapo mafiga yaliingia pamoja na watu chini ya bati, au kibanda cha jiko kikajengwa kwa ukuta mzima na tundu dogo la dirisha, moshi ulikosa pa kwenda. Nyumba ilibadilika, moto haukubadilika. Tuliazima umbo la nyumba ya kisasa bila kuazima dohani yake.

Usiku nao ulikuwa na moshi wake. Koroboi ya mafuta ya taa iliyotusomesha wengi wetu ilitupaka masizi puani, tukaamka asubuhi tukipenga kamasi nyeusi na kucheka. Leo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2014 kuhusu nishati za majumbani, halipendekezi kabisa mafuta ya taa kutumika ndani ya nyumba. Sisi tuliyaona kuwa hatua ya mbele kutoka kwenye giza, na kwa kipimo cha wakati ule ilikuwa hatua kweli.

Kile dola ilichokiona

Isidhaniwe kwamba ukanda huu ulisahauliwa na sayansi ya tiba. Robert Koch, mtaalamu mashuhuri wa vijidudu kutoka Ujerumani, alipita Mwanza mwaka 1906 akiwa njiani kuchunguza ugonjwa wa malale katika visiwa vya Sese. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mwanza ilipata kituo cha utafiti wa matende, na urithi wa utafiti huo unaendelea mjini hapa kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kichocho, malaria, minyoo, malale: magonjwa ya ziwa yalichunguzwa kwa bidii ambayo mikoa mingi haikuipata.

Lakini tazama aina ya adui aliyetafutwa. Alikuwa mdudu, konokono au mnyoo; kiumbe kinachoweza kuwekwa chini ya darubini. Moshi hauna uso. Haumvamii mtu kwa wiki mbili kisha ukaondoka. Humlimbikizia kidogo kidogo kwa miaka 30, na mwishowe mtu huonekana tu kuwa amezeeka.

Baada ya Uhuru tulirithi mtazamo huo huo. Mwaka 1973 nchi ilifanya kampeni ya kihistoria ya Mtu ni Afya. Takriban watu milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakajifunza juu ya malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka nyasi. Ni miongoni mwa kampeni bora za elimu ya watu wazima zilizowahi kufanywa Afrika, nami huitetea kila ninapopata nafasi. Hata hivyo mafiga hayakuwa somo lake. Tulifundishwa kuchimba choo nje ya nyumba. Hatukufundishwa kutoboa tundu la moshi ndani yake.

Jiko lilikuja kuonekana miaka michache baadaye, na lilionekana kwa sababu ya mti. Mwaka 1975 Erik Eckholm wa Marekani aliandika juu ya uhaba wa kuni kama janga jingine la nishati, sambamba na lile la mafuta la mwaka 1973. Mwaka 1980 tukawa na kampeni ya Misitu ni Mali. Mwaka 1981 Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa nishati jadidifu Nairobi, na katika miaka iliyofuata majiko ya udongo na bati yanayobana matumizi ya mkaa yakasambaa Afrika Mashariki. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliorudisha ngitili na miti katika ardhi ile ile iliyofyekwa na wakoloni. Yote hayo yalikuwa mema. Lakini swali lililoulizwa lilikuwa moja: jiko hili linaokoa miti mingapi? Ni mara chache mtu aliuliza linaokoa mapafu mangapi.

Macho kama hati ya mashtaka

Sasa turudi kwa bibi.

Katika kipindi hicho hicho mauaji ya watuhumiwa wa uchawi yaliongezeka Usukumani. Takwimu za serikali ambazo mwanazuoni Simeon Mesaki amezichambua kwa kina zinaonyesha kwamba kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma hizo. Wengi walikuwa wanawake, na sehemu kubwa ya mauaji ilitokea mikoa ya Mwanza na Shinyanga. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 ilikuwapo, lakini ilitungwa na mkoloni ambaye hakuujua mgogoro wenyewe. Iliadhibu madai ya uchawi, haikumlinda ajuza anayenyooshewa kidole.

Dola ilijaribu kutumia nguvu. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni ya kuwasaka wauaji katika mikoa hiyo miwili. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wengine walifia kizuizini. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu akibeba dhamana ya kisiasa kwa vitendo vya watu waliokuwa chini yake. Tunakisimulia kisa hicho kama funzo la uwajibikaji, na ni funzo kweli. Lakini ni mara ngapi tunakumbuka kwamba nyuma yake walikuwapo vikongwe waliokatwa mapanga usiku, na kwamba alama iliyotajwa mara kwa mara dhidi yao ilikuwa wekundu wa macho?

Nisieleweke vibaya. Moshi haushiki panga. Nyuma ya tuhuma nyingi kulikuwa na shamba la kurithi, ng'ombe, wivu wa kifamilia, mganga anayelipwa kwa kutaja jina. Mesaki ametuonyesha pia jinsi Operesheni Vijiji ya kati ya miaka ya 1970 ilivyowasogeza pamoja watu waliozoea kuishi mbalimbali, wakaanza kuoneana shaka kwa karibu zaidi. Sababu ni nyingi, na historia haipendi mkato. Ninachosema ni kwamba moshi ulitoa alama. Uliandika usoni mwa mwanamke mzee kumbukumbu ya milo yote aliyoipikia familia, na jamii ikaisoma kumbukumbu hiyo kama hati ya mashtaka. Aliyelisha ukoo kwa miaka 50 alihukumiwa kwa dalili za kazi hiyo hiyo.

Walioelewa jambo hili mapema hawakuwa wizara wala chuo kikuu. Wilayani Magu, shirika la wenyeji la MAPERECE, likishirikiana na HelpAge International, liliwaendea wazee likiwa na elimu ya haki, wasaidizi wa kisheria, na pia majiko yanayopunguza moshi. Wasomi wengine walicheka: jiko litazuiaje mauaji? Lakini waliokuwa vijijini walijua kwamba kumlinda bibi ni pamoja na kulinda macho yake.

Kilichomo ndani ya moshi

Sayansi ilitufikia kwa mwendo wa pole. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Kirk Smith, mtafiti wa Marekani, alipima moshi waliouvuta wanawake wa vijijini katika jimbo la Gujarat, India, akakuta viwango vilivyozidi kwa mbali vile vya miji iliyosifika kwa uchafu wa hewa. Mwaka 2001 Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha matokeo yao kutoka Laikipia, Kenya: kadiri mtu alivyovuta moshi mwingi zaidi ndani ya nyumba, ndivyo maambukizi ya njia ya hewa yalivyomwandama zaidi.

Ni nini hasa kinachodhuru? Kwanza ni chembechembe laini zenye kipenyo cha chini ya mikromita 2.5, wakati unywele wa binadamu hukaribia mikromita 70. Pua haiwezi kuzizuia. Hufika kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika mita ya ujazo ya hewa. Jiko la kuni lisilo na pa kutolea moshi hufikia mamia, hata maelfu, wakati chungu kikiwa motoni. Pili ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa chumbani msimu wa baridi, au muuza duka anayewasha jenereta ndani na kufunga mlango kwa kuogopa wezi. Tatu ni mchanganyiko wa kemikali kama benzini na fomaldehaidi, ambazo zote mbili zimethibitishwa kusababisha saratani.

Matokeo yake ni nimonia kwa watoto, kuziba kwa njia za hewa kwa watu wazima, magonjwa ya moyo, kiharusi, saratani ya mapafu, watoto kuzaliwa na uzito mdogo, na mtoto wa jicho kwa wanawake wapishi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo milioni 3.2 duniani kwa mwaka 2020 kutokana na uchafuzi wa hewa ya majumbani. Na tusidhani ni habari za mbali. Mwaka 2016 watafiti wa hapa hapa Mwanza walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wenye nimonia kali na wasio nayo. Uchafuzi wa hewa ya ndani na kuchelewa kwa chanjo ya surua vilijitokeza kuwa vinaongeza hatari.

Chumba cha mjini

Baba alipomleta bibi mjini, alimleta katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na korido moja. Kila mlango ulikuwa na jiko lake la mkaa. Saa kumi na mbili jioni korido ilikuwa na majiko sita, watoto kadhaa, na upande mmoja tu wenye mlango wa kutokea nje. Mkaa haufuki kama samadi, kwa hiyo bibi alisema amepona moshi. Macho yake kweli yalipungua wekundu. Lakini alilalamika kichwa kumuuma kila jioni, nasi tukasema ni uzee. Leo ninajua kwamba hewa isiyotoa machozi si lazima iwe hewa salama.

Mwanza imeota juu ya mawe. Igogo, Bugarika, Mabatini: nyumba zimepanda vilima zikibanana, dirisha la mmoja likitazama ukuta wa mwenzake. Ziwa lina upepo mzuri, lakini upepo huo hauingii katika korido isiyo na tundu. Na ziwa lina moto wake pia. Sangara alipotawala ziwa na viwanda vya minofu vikajengwa katika miaka ya 1990, wanawake wa mialoni waliachiwa samaki waliokataliwa na viwanda na mapanki. Sangara ana mafuta mengi, hakauki vizuri juani kama dagaa. Sharti abanikwe au akaangwe. Kwa hiyo biashara iliyotuletea fedha za kigeni iliwaletea wanawake wengi mabanda ya moshi ambamo wanashinda kutwa nzima. Mzani wa mauzo ya nje uliupima mnofu. Haukuupima moshi.

Nyumba niliyomjengea mama

Nimesema dola haikuona. Ni haki nami nijihukumu.

Nilipopata ajira ya kudumu nilimjengea mama nyumba kijijini: matofali ya kuchoma, bati, dari, jiko ndani ya nyumba ili asinyeshewe. Fundi aliniuliza dirisha la jiko liwe na ukubwa gani. Nikamwambia liwe dogo, lenye nondo, maana sufuria zilikuwa zikiibwa. Nilikuwa na shahada ya uzamivu, na nilikwisha kusoma mambo mengi niliyoyaandika hapo juu. Sikuyahusisha na dirisha lile.

Mwaka wa nne mama alianza kukohoa. Alitibiwa kifua kikuu mara mbili katika kituo kimoja cha afya, ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea. Hajawahi kuvuta sigara maishani mwake. Nilimpeleka kwingine, na daktari kijana, kabla hata ya kugusa kifaa chake cha kusikilizia, akamuuliza: "Mama, shikamoo. Unapikia wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mama alieleza. Daktari akaagiza kipimo cha pumzi, na ikabainika kwamba ana ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa, ugonjwa unaotulizwa lakini hauondoki. Tulipokuwa njiani kurudi mama alinifariji mimi: "Mwanangu, moshi haujawahi kumuua mtu. Njaa ndiyo huua." Nilikosa jibu. Nyumba ile ilikuwa zawadi yangu kwake.

Mkakati na kipimo chake

Leo upepo wa kisera umebadilika. Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania. Serikali imesema wazi kwamba watu wapatao 33,000 hufariki kila mwaka nchini kwa madhara ya nishati chafu ya kupikia. Taasisi zinazolisha watu wengi zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa. Kwa mara ya kwanza katika historia niliyoisimulia, mkuu wa nchi anazungumzia pumzi ya mpishi, na si mti peke yake. Anayebeza hatua hiyo hajui tulikotoka.

Hata hivyo, kama mtu wa historia, nina hofu moja: tutapima nini? Tukihesabu mitungi iliyogawiwa, tutarudia kosa la zamani la kuhesabu majiko na miti. Kaya nyingi ninazozifahamu zina mtungi wa gesi wa kuchemshia chai na jiko la mkaa la maharage. Mtungi ukiisha mwezi mchanga, mafiga yanarudi. Tena sayansi yenyewe imetutahadharisha. Malawi, jaribio kubwa lililohusisha zaidi ya watoto 10,000 halikuona nimonia ikipungua kwa sababu ya majiko yanayochoma kuni vizuri zaidi. Hata jaribio la gesi lililofanyika Rwanda na katika nchi nyingine tatu halikuonyesha upungufu wa wazi wa nimonia kali kwa watoto wachanga. Hilo halimaanishi kwamba moshi ni salama. Linatufundisha kwamba mtoto havuti jiko. Anavuta hewa yote inayomzunguka: ya korido, ya jirani, ya barabarani, ya taka zinazochomwa nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo kinachohitaji kupimwa ni hewa ya ndani yenyewe. Moshi wa sigara ulipata sheria yake mwaka 2003, na leo ofisa anayevuta sigara ukumbini anajua kwamba anavunja sheria. Hewa ya jiko la shule, ya korido ya nyumba ya kupanga, ya banda la kubanikia samaki, haina mlinzi wa namna hiyo.

Ndugu zangu watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu, hakuna linalohitaji kusubiri wafadhili katika haya: mhandisi wa halmashauri anayepitisha ramani ya nyumba anaweza kuuliza moshi utatokea wapi, kama anavyouliza maji taka yatakwenda wapi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayekagua choo anaweza kuingia na jikoni. Muuguzi wa kliniki ya wajawazito anaweza kuongeza swali moja katika maswali yake. Wanafunzi wangu wanaotafuta mada za tasnifu wanaweza kushika kipima hewa na kwenda Igogo saa kumi na mbili jioni. Na wanaharakati wanaotetea wazee wanaweza kutukumbusha kwamba haki ya bibi huanzia katika hewa anayovuta.

Mwaka jana nilirudi Magu na fundi yule yule. Tulivunja ukuta wa jiko, tukaweka dirisha pana pande mbili zinazotazamana na tundu la kutolea moshi chini ya bati. Mama ana jiko la gesi sasa, lakini makande bado huyapikia kuni, na ameniambia nisimsumbue kwa hilo. Anakohoa bado, ingawa kidogo kuliko zamani. Macho yake ni meupe. Nilipokuwa nikiaga, jirani yake mmoja, mzee kuliko yeye, alikuja kumsalimia akifuta machozi kwa upindo wa kanga, macho yake yakiwa mekundu kama ya bibi.

Nilimwamkia, kisha nikamuuliza: "Bibi, unapikia wapi?"